Vikapu Mia na Thelathini na Moja

Perama, 12 Machi 1987

Maruso mdogo wangu,

Nimezima mashine ya kuchomelea, nimewaambia mafundi wangu sita wasinisumbue, na nimekaa juu ya kasha la misumari nikuandikie. Kwenye simu sitaki. Simu yenyewe huko kwenu iko mkahawani, na kila unachosema unakisema mbele ya meza mbili za wacheza karata.

Sikuja kumzika Baba mwaka jana. Unajua, na kisiwa kizima kinajua, na wanayoyasema najua pia. Kulikuwa na meli kwenye chelezo, tumbo wazi, na sahihi yangu iko kwenye mkataba. Lakini hata isingekuwepo meli, sijui kama ningekuja. Nakwambia ukweli kwa sababu umeshazoea manung'uniko yangu.

Mwaka 1946 nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba alisimama mlangoni akasema, "Shamba la mizabibu ni la Maruso, ataolewa nalo. Wewe una mikono." Wewe una mikono. Maneno matatu. Nikaichukua hiyo mikono nikapanda meli. Nimelala kwenye mapipa ya lami, nimebeba vyuma vya watu, leo nina karakana yangu na jina langu liko mlangoni kwa herufi za nusu mita. Hakuna aliyenipa hata kikapu kimoja cha zabibu kuanzia maisha.

Sasa nisikilize. Umeniandikia kwamba shamba limelala miaka sita, tangu miguu ya Baba ilipokataa kupanda ngazi za mawe. Nataka tuliamshe. Nataka ule mvinyo wa zamani, zabibu zianikwe juani siku kumi na mbili, zikanyagwe ndani ya shinikizo, lile birika la mawe, kama alivyofanya yeye na baba yake. Huko kwenu siku hizi watu wanakunywa soda na kung'oa mizabibu wajenge vyumba vya wageni. Nitaonyesha kwamba yule asiyepewa shamba ndiye aliyelifufua.

Mizabibu iko mia na thelathini na moja. Nakumbuka vizuri, kila Jumapili baada ya kanisa Baba alinituma niihesabu kama kondoo. Niandikie iliyo hai ni mingapi.

Kaka yako,
Sarantis


Kijijini, 9 Aprili 1987

Kaka Sarantis,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa shambani, ili nalo lisikie linavyosemwa.

Hai iko karibu yote. Mizabibu yetu haifi upesi, inanuna tu. Nimeanza kuipogoa. Matawi marefu nimeyazungusha chini, raundi baada ya raundi, mpaka yamekuwa kikapu, na zabibu zitakaa humo ndani zisipigwe na upepo. Umesahau upepo wetu? Wiki iliyopita umeng'oa mlango wa kanisa la Mtakatifu Sostis, ukautupa kwenye mbigili.

Mwaka huu usitegemee zabibu. Nimekata sana, lazima mizabibu ipumzike. Mwakani, Mungu akipenda, tutavuna. Ila vidole vyangu, kaka. Kikapu kimoja kinanichukua asubuhi nzima, na usiku viungo vinawaka. Nilipewa shamba, unasema. Nilipewa kazi. Marehemu mume wangu alikuwa mvuvi, mizabibu alikuwa haigusi, aliiita mbuzi wa baba mkwe.

Kuna jambo sikukuambia. Baba alipokuwa anakata roho alinishika mkono akasema, "Mkinifukua, msinioshe na mvinyo wa mtu mwingine." Nilimwahidi. Miaka mitatu inatimia Februari 1989, na padri anasema tutaifukua mifupa na kuiosha, kama desturi yetu, Jumamosi ya Roho, siku ya kuwaombea wafu, tarehe 4 Machi. Mvinyo wa mavuno ya mwakani utakuwa tayari. Ukiharibika mwakani, hatuna mwingine. Pipa la mwisho la Baba liligeuka siki zamani.

Zannis wa ng'ambo ya ukuta ana mvinyo wa kutosha kuogeshea kijiji kizima. Lakini Zannis ni Zannis. Miaka arobaini aligombana na Baba kwa hatua moja ya ukuta, na kwenye mazishi alisimama nyuma na kofia kichwani.

Njoo uone. Hutaki, basi.

Maruso


Perama, 20 Novemba 1987

Maruso,

Nimekuwa nafikiria vidole vyako tangu Aprili. Mimi si mtu wa kusema pole, ni mtu wa kutengeneza.

Kwa meli ya Alhamisi utapokea makasha kumi na moja. Ndani kuna vikapu vya nondo za milimita kumi, kila kimoja kina pete mbili na miguu minne. Nimevichomelea mwenyewe, Jumamosi na Jumapili, sikumwachia fundi. Kila kimoja ni kilo tatu na nusu, vyote mia na thelathini na moja ni kilo mia nne hamsini na nane na nusu. Nimevipaka rangi nyeusi ya meli, mara mbili, chumvi isivile. Vitaishi kuliko sisi.

Kazi yako ni ndogo. Februari, ukishapogoa, chomeka kikapu juu ya mzabibu, funga matawi kwa waya kwenye pete, basi. Hakuna kuzungusha wala kubembeleza. Nimepiga hesabu, dakika ishirini kwa mzabibu, saa arobaini na nne kwa shamba zima. Baba alikuwa anachukua majira yote ya baridi.

Aliniambia nina mikono. Haya, hii hapa.

Tarehe 4 Machi 1989 nitakuja. Ataoshwa na mvinyo wake mwenyewe, na utakuwa umetoka kwenye chuma changu. Nikishafanya hilo sitakuwa na neno naye tena.

Sarantis


Kijijini, 3 Machi 1988

Kaka yangu,

Vyote viko ardhini. Vile mia na thelathini na moja, kama ulivyohesabu. Punda wa jirani yetu Kalomira alivibeba siku nne, na siku ya tano aliniona kwa mbali akageuza njia.

Vidole vimepumzika, nakushukuru. Nimelala bila kuviloweka kwenye maji moto, mara ya kwanza tangu niwe mjane. Kazi yako imenyooka, kila mtu anasema, hata wanaocheka. Zannis alipanda juu ya ukuta akatazama, akasema, "We Maruso, shamba limefanya kosa gani mpaka mmelifunga pingu?" Nikamwambia, "Linaogopa majirani." Akacheka mpaka akakohoa.

Matumba yameanza kuvimba. Nimelifagia shinikizo. Nyoka mmoja na majani ya miaka saba.

Maruso


Perama, 11 Juni 1988

Maruso,

Nimekwisha kupata chupa. Sikiliza hesabu. Mizabibu mia na thelathini na moja, kila mmoja ukitoa kilo mbili na nusu tu, ni kilo mia tatu ishirini na saba. Tukipata lita sita kwa kila kilo kumi, ni lita mia moja tisini na sita. Chupa mia mbili sitini na moja. Najua zikianikwa zinasinyaa, kwa hiyo nimenunua mia na hamsini tu. Mimi ni mwangalifu.

Nimewaambia watu wa chama cha wanakisiwa hapa jirani, Piraeus. Mzee Apostolakos, ambaye hajarudi huko tangu vita, alishika mkono wangu hakuuachia. "Mvinyo wa baba yako Nikitas," akasema, "mkiani, ukishaumeza, ulikuwa na uchungu kidogo." Nikamwambia ndio huohuo unarudi. Nimeahidi chupa kila familia. Miaka arobaini na miwili wamenijua kama kijana aliyefukuzwa na baba yake. Kuanzia Krismasi watanijua vingine.

Niandikie rangi ya zabibu.

Sarantis


Kijijini, 2 Agosti 1988
[Haikutumwa]

Kaka Sarantis,

Sijui nianzie wapi, basi naanzia kwenye vyuma.

Wiki ya mwisho ya Julai upepo ulikatika siku sita mfululizo. Jua lilikaa juu ya mawe kama kifuniko cha sufuria. Siku ya pili niligusa pete ya kikapu nikaacha ngozi ya kidole pale. Vinawaka, kaka. Ile rangi nyeusi inalinywa jua. Tawi lililofungwa kwenye pete limeungua palepale pa waya, likakauka kutoka hapo kwenda juu. Zabibu zimepikwa zikiwa bado za kijani. Ukizishika zinatoka maji ya uvuguvugu.

Nilibeba maji kutoka kisimani, ndoo mbili mbili, tangu alfajiri mpaka nikashindwa kunyoosha mgongo. Nilitandika magunia juu yake. Nikaanza kufungua waya, lakini nilikuwa nimeshafika wa thelathini nilipoelewa kwamba nafungua maiti.

Zannis alikuja ukutani. "Maruso, unachoma zabibu au nyama?" Halafu akaniona uso akashuka, akaleta ndoo zake mbili.

Mti ukijizungusha wenyewe unajitia kivuli. Baba alikuwa anajua, hata mimi nilikuwa najua. Nilipoviona vile vyuma siku ya kwanza nilijua, nikasema, kaka ameviunda Jumapili zake zote, na vidole vinaniuma. Kosa ni langu kama ni lako.

Nitakuandikiaje haya? Umewaambia watu.


Kijijini, 20 Agosti 1988

Kaka mpendwa,

Mavuno yamekwisha. Jua lilikuwa kali mwaka huu, kwa hiyo hayakufika hesabu yako, usiwaahidi watu chupa nyingi. Kilichopatikana kimeanikwa, kitakanyagwa Septemba.

Usisumbuke kuja sasa, kuna joto na meli zimejaa wageni. Njoo Machi kama ulivyosema.

Maruso


Kijijini, 25 Novemba 1988

Kaka,

Kwa mkono wa nahodha nimekutumia chupa sita. Nyingine ninaziweka kwa ajili ya Baba. Wape wazee waonje.

Maruso


Perama, 18 Desemba 1988

Maruso mdogo wangu,

Nimefungua chupa ya kwanza mezani, peke yangu. Rangi nzuri, mtamu, unashuka vizuri. Ni wenyewe. Apostolakos alilia, lakini siku hizi analia hata akiona paka.

Umefanya kazi kubwa. Sikuwahi kukuambia hivyo.

Nitakuja na meli ya tarehe 3 Machi.

Sarantis


Perama, 14 Machi 1989

Maruso,

Niliondoka bila kuaga, na ulisimama gatini ukiwa na mfuko wa jibini ambao sikuupokea. Nitakueleza, halafu tusizungumze tena habari hii.

Nilijua tangu Desemba. Baba hakuchuja kwa mbigili kama wengine. Pale mvinyo unapotokea kwenye shinikizo aliziba kwa kifungu cha majani makavu ya mlimani, yale machungu ambayo mama alituchemshia kwa kikohozi. Ndio uchungu aliousema Apostolakos. Chupa yako ilikuwa tamu mwanzo mpaka mwisho. Huo ni mvinyo wa Zannis. Nimeunywa utotoni, nikiuiba.

Nilikuandikia ni wenyewe kwa sababu sikutaka ujue kwamba nimejua. Nilisema labda zabibu zilikuwa chache, amechanganya. Nilikuwa najidanganya kwa hesabu.

Nilipofika tarehe 3 sikuja nyumbani moja kwa moja. Nilipanda shambani. Vikapu vyangu vimepangwa ndani ya shinikizo la Baba, kimoja juu ya kingine, kama masufuria. Nilivihesabu. Mia na thelathini na moja. Niligusa mizabibu, inavunjika kama vijiti vya kiberiti. Alama ya waya bado iko kwenye gome, nyeusi. Mimi fundi chuma, miaka arobaini nashika chuma juani, siwezi kushika reli ya meli mwezi Julai bila glavu, nikaenda kuweka chuma kwenye shingo ya mti. Kijana wa siku ya kwanza kazini asingefanya vile.

Kuhesabu idadi nilihesabu. Joto sikulihesabu.

Asubuhi yake tukafukua. Mliitoa mifupa wewe na Kalomira, mkaiweka kwenye beseni, na ilikuwa myeusi, Maruso, ule mfupa wa paja ulikuwa mweusi kama rangi ya meli, na wale wanawake wawili nyuma walitazamana. Unajua wanavyosema juu ya mifupa inayotoka myeusi. Kwamba mtu hakupumzika. Ukanipa chupa ukaniambia, "Mimina wewe, ndiwe mwanawe." Zannis alikuwa amesimama langoni, safari hii kofia mkononi. Nikasema moyoni, amekuja kuangalia mvinyo wake unavyotumika. Sikunusa, sikutazama. Nilimimina nikiwa nimefumba macho. Baba aliomba jambo moja tu maishani mwake, na hata hilo hakuniomba mimi, akakuomba wewe. Na mimi ndiye niliyeliharibu, kisha nikamwosha kwa mkono wangu na mvinyo wa mtu mwingine.

Mwuzie Zannis shamba. Au mpe, aurudishe ukuta anapotaka. Sitakuja tena. Hivyo vyuma vitupe baharini.

Sarantis


Kijijini, 27 Machi 1989

Kaka Sarantis,

Safari hii barua natuma, si kama ile ya Agosti.

Mambo mawili umeyapata sawa. Zile chupa sita zilikuwa za Zannis. Nilikwenda kwake mchana, mlango wa mbele, watu wote waone. Nilimwambia, "Nipe mvinyo, nimdanganye kaka yangu." Akasema, "Nikitas atafufuka anipige." Nikamwambia, "Huo hatautumia yeye, ni wa kaka tu." Akajaza. Na vyuma vimeua shamba, hilo nalo kweli. Tisini na nne imekauka mpaka mizizi. Thelathini na saba inatoa vichipukizi chini, ukiifuta vumbi utaviona, vidogo kama meno ya mtoto. Ikinyesha, baada ya miaka mitatu itazaa. Miaka mitatu mimi nitakuwa na hamsini na tisa, na vidole vyangu unavijua.

La tatu umekosea, na umekosea hesabu.

Shamba lina mizabibu mia na arobaini.

Ulipoondoka ilikuwa mia na thelathini na moja, kweli. Miaka tisa hukuandika, kaka. Kuanzia mwaka 1946 hadi 1955 hatukujua kama u hai. Mama alikuwa anawasha taa kwa Mtakatifu Nikola, mara ya wazima, mara ya wafu, kwa zamu, asikosee. Baba hakuwasha kitu. Kila Machi alikata kitawi, akachimba shimo nyuma ya zizi, pale ulipokuwa unajificha ukikwepa kazi, akapanda. Mmoja kila mwaka. Tisa. Nilikuwa msichana, nilimbebea maji. Nikamuuliza, "Hii ya nini?" Akasema, "Nyamaza, ni ya yule mwenye mikono." Akaniapisha nisikuambie hata siku moja, kwamba ukijua utadhani anakudai. Ndiyo maana niliposoma mia na thelathini na moja sikukurekebisha. Ulituma vikapu kwa hesabu yako, na ile tisa ikabaki bila chuma.

Hiyo niliizungusha mwenyewe kwa mkono, kama zamani, tena usiku nililia kwa viungo. Jua la Julai lilipita juu yake ikajitia kivuli. Ulipopanda shambani ulihesabu vyuma. Nyuma ya zizi hukufika.

Ilitoa kilo kumi na moja. Nikazianika zabibu juani siku kumi na mbili, nikaanza kuzikanyaga peke yangu, nikaweka kifungu cha majani machungu mdomoni mwa shinikizo. Lita mbili na robo, chupa tatu. Moja ndiyo ile niliyokupa kaburini. Ungefumbua macho, au ungenusa. Zannis alikuwa langoni kwa sababu alinisaidia kukanyaga siku ya pili, mguu uliponigoma, akataka kuona. Akiondoka alisema, "Huu si wangu, huu mbaya zaidi," akajifuta uso na kofia.

Na mifupa haikuwa myeusi. Ni udongo wetu. Ulikwenda zako kabla hatujamaliza kuosha. Ilipokauka juani ilikuwa ya njano kama nta, Kalomira ni shahidi yangu, na wale wanawake wawili walikiri kwa midomo yao wenyewe mkahawani.

Nilitaka kukuambia gatini. Ulipita kama mtu asiye na dada.

Chupa moja imekwisha kwa Baba. Ya pili naituma kwako na barua hii, usimpe Apostolakos. Ya tatu naiweka ya kwangu, maana mimi nami nitafukuliwa, na sijui nani atashika beseni.

Shamba simuuzii mtu. Silimi pia, siwezi. Litakaa.

Barua yako ya kwanza kutoka Perama ilifika Machi 1955, na picha yako umevaa kofia ya mafundi. Mimi ndiye niliyempelekea shambani. Alikuwa ameshachimba shimo la kumi, kitawi kiko kwenye ndoo. Aliitazama picha kwa muda mrefu, nyuma na mbele. Halafu akachukua kitawi akakitupa nje ya ukuta, akashuka nyumbani kula.

Shimo hakulifukia. Liko mpaka leo, mwisho wa ile tisa, limejaa mawe na magugu. Punda wa Kalomira hulikwepa.

Dada yako,
Maruso